Mishipa Mitatu na Mkamwana Mmoja

Wanangu mnaovaa sare nyeupe siku hizi, kila mnapokuja kunisalimu hapa Msasani yetu ya Rungwe mnaniuliza swali lile lile: mgonjwa wa mshtuko wa moyo mlimtibuje, wakati hamkuwa na mashine tulizo nazo sisi? Nami huwajibu kwa neno moja, nanyi mnacheka mkidhani nafanya mzaha. Tulimlaza.

Msicheke. Kumlaza mtu wa Rungwe ni kazi kubwa kuliko kumpasua. Mtu amezaliwa kwenye mteremko, amenyeshewa tangu utotoni, migomba inamwita, chai inamwita, kanisa linamwita, msiba wa jirani unamwita. Umwambie alale chali, asinyanyue hata ndoo ya maji? Anakutazama kama umetumwa na adui wa ukoo wake.

Dokta Deo aliyajua hayo kwa shida. Alikuwa ametoka Bukoba, kijana mwenye bidii, viatu vyake vikiwa safi kupita kiasi kwa matope yetu. Mkulima mmoja wa chai kutoka Kawetele alipata nafuu, naye Dokta akamwambia, "Nenda nyumbani ukapumzike." Haukupita muda, yule mkulima akarudi miguu imevimba na pumzi zinamkata.

"Mzee, nilikwambia upumzike!"

"Nimepumzika sana, Dokta," akajibu kwa heshima zote. "Nimelima lile la karibu tu."

Tangu siku hiyo, wodini kwetu hatukusema tena "pumzika." Tulizitaja kazi kwa majina: usilime, usibebe mkungu, usipande kilima kwenda kwa shemeji, usichimbe kaburi. Hilo la kaburi lilikuwa muhimu kuliko yote, maana mwanamume wa huku anaweza kukubali kuliacha shamba, lakini jirani akifariki atachukua jembe hata kama yeye mwenyewe yuko hatua moja tu nyuma ya marehemu. Nanyi mkimpa mtu ruhusa ya kwenda nyumbani, zitajeni kazi kwa majina.

Jambo lingine nililofundishwa na Mama Tabitha, muuguzi aliyenilea kazini, Mungu amrehemu. Watu wetu hawasemi moyo unauma. Wanasema kiungulia. Wamekwisha kulamba magadi, wamekunywa maji ya moto, wameupigapiga mgongo, ndipo waje kwetu. Mama Tabitha aliniambia, "Ester, usimwulize kama kifua kinamwuma. Mwulize alikuwa anafanya nini alipoacha kufanya." Mtu akikujibu, "Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe, nikakaa chini," basi tafuta aspirini kabla hujatafuta faili lake. Mpe aitafune. Atasema ni chungu. Mwambie ndiyo, ni chungu, tafuna.

Ni yeye pia aliyenifundisha kuomba nikiwa nimeushika mkono wa mgonjwa. "Ukiomba kimya huku umemshika hapa kwenye kifundo cha mkono," alisema, "Mungu anasikia, na wewe unahesabu mapigo." Sijapata kusikia mafundisho ya dini yaliyonisaidia kazini kuliko hayo.

Ninayotaka kuwasimulia leo ni ya miaka ile soko huria lilipoanza. Ninyi hamkuijua ile kiu iliyotangulia, tulipokuwa tunachemsha sindano hadi zinakuwa butu na kugawa vidonge kama sakramenti. Halafu ghafla maduka ya dawa yakaota mjini, gari zikawa nyingi barabarani, na mgonjwa aliyekuwa anabebwa kwenye machela siku nzima sasa akaletwa kwenye pikapu la mfanyabiashara, yu hai bado. Hapo ndipo tulipogundua kwamba watu wa moyo walikuwapo siku zote. Zamani walikuwa hawafiki tu.

Hospitali yetu ilikuwa ndogo, na marafiki wa kanisa walituletea mashine ya kuchora mapigo ya moyo. Ilinguruma na kutoa utepe wa karatasi wenye milima na mabonde, wagonjwa wakaiita cherehani. Wa kuisoma hakuwapo. Dokta Deo alijua kidogo, mimi nilijua kuichomeka. Basi tukampeleka Dar es Salaam muuguzi mmoja akajifunze kazi ya moyo, naye akarudi akiusoma ule utepe kama mtu anayesoma barua ya nyumbani.

Jina lake Tusajigwe. Alikuwa mwembamba, mpole, mtu wa kutabasamu kabla ya kusema. Mwaka ule aliorudi akaolewa na Lugano, kijana wa Kisiba aliyekuwa anafanya biashara ya vipuri vya magari. Tulicheza harusi, tukala, tukamshukuru Mungu. Hakuna aliyefikiri kwamba ndoa ile ingekuja kuvuruga wodi ya wanaume.

Aliyeletwa kwenye pikapu asubuhi moja alikuwa Mzee Anyosisye wa Kisiba, mzee wa kanisa, mkulima, mwimbaji wa besi anayejulikana bonde zima. Alikuwa anakata ndizi, akakaa chini. Mimi ndiye niliyempokea. Uso ulikuwa na jasho la baridi, mkono wa kushoto ameukumbatia kama mtoto. Alitafuna aspirini bila kulalamika, nikamwekea kidonge chini ya ulimi, Dokta akamchoma mofini, tukamfunga oksijeni na dripu. Maumivu yakashuka. Tukamweka kitanda cha dirishani. Nikamwambia mkewe, Mama Lugano, kwamba mumewe asikanyage chini hata kwa haja ndogo. Yule mama akaapa kwamba atamkalia miguu ikibidi.

Hapo ndipo Tusajigwe alipoingia kupokea zamu.

Sisi Wanyakyusa tuna jambo tunaloliita ukutila. Mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, hakutani naye njiani, halitaji jina lake. Akimwona anakuja, anakwepa. Na baba mkwe naye humkwepa. Msidhani ni chuki. Ni heshima, tena kubwa. Kanisa lilikwisha kulegeza, vijana wengi walikuwa wameiacha mila hiyo, lakini Mzee Anyosisye alikuwa mtu wa kushika alichofundishwa, na Tusajigwe alilelewa na bibi yake.

Basi Tusajigwe akaingia, akainua macho, akamwona aliyelala dirishani. Akageuka na kujibanza nyuma ya kabati la mashuka. Wakati huohuo mzee wangu, ambaye tulikuwa tumemkataza hata kujigeuza, akavua oksijeni, akang'oa dripu, akashuka kitandani na kutoka kwa mlango wa nyuma. Mama Lugano hakumkalia miguu. Alimfungulia mlango.

Nilimkuta kwenye migomba nyuma ya jiko, pekupeku kwenye manyunyu, ameshika mgomba, anahema.

"Mzee, unataka kufa?"

"Kwani nitakaaje mle, Sista? Mkamwana yuko mle."

Dokta Deo alifika akikimbia, viatu vyake vikapata ubatizo wao siku hiyo. "Kwani yule binti amemfanya nini?"

"Hajamfanya kitu, Dokta. Ni mkwewe."

"Sasa si ndiyo afurahi!"

Tulimrudisha kwa machela. Tusajigwe alikuwa amekwisha kuondoka, analia kwenye stoo. Utepe wa mapigo niliouchukua baada ya hapo Dokta aliutazama, akaugeuza, akautazama tena, mwisho akaupeleka stoo mwenyewe. Tusajigwe akafuta machozi yake, akausoma, akasema mapigo ya mzee yanarukaruka na kwamba anaweza kututoka wakati wowote, hasa siku hizi za mwanzo. Anatakiwa mtu anayesoma utepe awe karibu naye mchana na usiku.

Mtu huyo alikuwa mmoja tu hospitali nzima. Kumpeleka mgonjwa Mbeya kwa barabara ile kulikuwa kumtikisa hadi afe. Na akimwona mkamwana wake, atashuka tena kitandani. Dokta Deo alitaka kumwamuru. "Nitamwambia achague," alisema, "mila au uhai." Nilimsihi asimwulize, maana nilimjua mzee yule, na nililijua jibu.

Aliyetuokoa ni Mama Lugano. Alikuwa amekaa kwenye benchi akinisikiliza nikibishana na Dokta, akasema kama mtu anayeshangaa ujinga wetu, "Lakini Sista, sisi nyumbani tunaishi naye kila siku. Yeye anapika, mzee anakula. Kuna ukuta tu."

Nilikwenda kuchukua pazia la kijani, lile la fremu la kukunja tulilotumia mgonjwa akiogeshwa. Nikalisimamisha kando ya kitanda cha dirishani. Upande mmoja mzee, upande wa pili meza, kiti, na cherehani yetu. Nyaya zikapita chini ya pazia. Mimi nilizibandika kifuani, Tusajigwe akasoma utepe upande wake. Akitaka kupima presha, mzee alitoa mkono kwenye nafasi kati ya vitambaa viwili, uso ameuelekeza dirishani. Na Tusajigwe aliupima mkono ule akiwa ameinamisha kichwa kana kwamba mkono nao una macho.

Kuzungumza ndiyo ilikuwa sarakasi. Tusajigwe aliniambia, "Mama, mwulize baba kama maumivu yanakwenda begani." Mzee, aliye umbali wa dhiraa moja, aliyesikia kila neno, alinyamaza akinisubiri. Nami nikasema, "Mzee, maumivu yanakwenda begani?" Ndipo alinijibu, "Hapana, Sista, yako hapa tu." Nikageuka, "Anasema yako hapa tu." "Nashukuru, Mama." Dokta Deo alisimama katikati siku moja akiwa ameshika kiuno. "Sista Ester," akasema, "umeniletea maigizo wodini."

"Ndiyo, Dokta. Lakini mgonjwa amelala."

Na ni kweli alikuwa amelala. Wagonjwa wote wa moyo niliowahi kuwahudumia walihangaika kitandani. Huyu alitulia kama jiwe, kwa sababu akijigeuza sana pazia lingeweza kuanguka.

Nilijifunza jambo hapo ambalo halimo kwenye vitabu vyenu. Tusajigwe hakumwona mgonjwa wake, basi akamsikia. Aliijua pumzi yake ya usingizi na pumzi yake ya kujifanya amelala. Alijua kijiko kikisimama katikati ya uji. Sisi wenye macho tuliingia, tukatazama, tukaona mzee yupo, tukatoka.

Kila asubuhi wodini tulikuwa na ibada fupi, na wagonjwa wanaoweza waliimba. Baada ya siku kadhaa mzee aliomba ruhusa ya kuimba kidogo, Dokta akakubali, na ile besi yake, hata akiimba kwa sauti ya chini, ililaza wodi nzima kifuani mwake. Asubuhi moja tulikuwa katikati ya ubeti. Mimi nilikuwa naimba nimefumba macho. Nikasikia naitwa kutoka nyuma ya pazia.

"Mama, baba ameacha kuimba."

Nilifumbua macho. Mzee alikuwa rangi ya majivu, mdomo wazi, mkono kifuani. Hakuwa ameita. Angemwitaje mkamwana? Nilipiga kelele, Dokta akaja. Nikambandika nyaya, cherehani ikanguruma.

"Dokta," akasema Tusajigwe, "mapigo yanaruka, yanafuatana mawili mawili, sasa matatu. Tuanze dawa ya kutuliza kwenye dripu. Sasa hivi."

"Ngoja nije nione mwenyewe."

"Utaona baadaye! Anza dawa!"

Sijawahi kumsikia binti yule akipaza sauti, kabla ya hapo wala baada yake. Dokta Deo alinitazama, nami nilikuwa nimekwisha kumpa bomba la sindano. Akaanza dawa. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwalo. Hakulisukuma pazia. Alimwinamia mzee, akaanza kumsimulia Tusajigwe alichokiona, kama mtu anayemwongoza kipofu barabarani.

"Ana jasho. Midomo ya bluu kidogo. Presha iko chini."

"Ongeza oksijeni. Dripu iende polepole. Ngoja... bado yanaruka. Ngoja."

"Ananitazama. Macho yamefunguka."

"Yamerudi. Dokta, mapigo yamerudi kwenye mstari. Acha hapo hapo, usiongeze."

Wagonjwa wengine walikuwa hawajaacha kuimba. Hakuna aliyewaambia waendelee, waliimba chini chini hadi ubeti wa mwisho, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja. Nilikuwa nimemshika mzee kifundo cha mkono. Niliomba na kuhesabu.

Baada ya muda rangi ikarudi. Dokta Deo alijifuta uso. "Mzee, umetutisha."

Mzee alinigeukia mimi. "Sista, mwambie yule wa huko nyuma, ndaga fijo." Yaani, asante sana.

"Anasema ndaga fijo."

"Mwambie baba asiimbe kwanza."

"Anasema usiimbe kwanza, mzee."

"Nimesikia," akasema kwa uchungu. Ndiyo mara pekee wodini alipokiri kwamba pazia lina matundu.

Alipopata nguvu za kusafiri, alipata rufaa ya kwenda India, na ukoo na kanisa wakasaidia palipopungua. Huko walipitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi kwenye moyo, wakamwaga rangi, wakapiga picha. Mishipa inayoulisha moyo ni mitatu mikubwa, nanyi mnaijua kwa majina yake ya kitabuni. Ya mzee ilikuwa imepungua upana yote mitatu. Ule uliomwangusha ulikuwa umebaki tundu la sindano. Wakaupanua kwa puto, wakaweka kijibomba cha wavu ili usijifunge tena. Miwili mingine wakaiacha kwanza. Walisema moyo umechoka, hauwezi kustahimili kupasuliwa. Arudi nyumbani, ale dawa, apate nguvu, kisha arejee wamfanyie upasuaji wa kuizungukia ile miwili.

Hapa ninyi mnaposoma mnabishana sana: tufungue uliomwangusha tu, au tuifungue yote? Na yote kwa siku moja, au kwa awamu? Mbishane, ni vizuri. Lakini mjue kwamba ubishi huo ulifika Kisiba kabla yenu.

Mzee alirudi akitembea. Kanisani walipiga vigelegele. Kwa watu wa kwao jambo lilikuwa limekwisha: alikwenda mgonjwa, amerudi mzima, mshukuruni Mungu. Miezi ya kusubiri ilipotimia, ukoo ukakutana kuamua kama arudi India au la, na mzee akaagiza nami niitwe.

Tulikaa sebuleni kwake. Tusajigwe alikuwa chumba cha pili, upande wa jikoni, nyuma ya ukuta, pamoja na Mama Lugano. Mlango ulikuwa wazi, lakini alikuwa ameketi pembeni asionekane.

Mdogo wake mzee, Gwakisa, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri, ndiye aliyeanza. "Mimi nauliza tu. Mshipa umefunguliwa au haukufunguliwa?"

"Mmoja umefunguliwa," nikasema.

"Basi! Nyumba yangu ina mlango mmoja, na tunaingia wote na mbuzi."

"Na ikiungua, Gwakisa?"

Watu wakacheka, naye akacheka, lakini hakuacha. "Sista, wewe ni mtu wa sindano, utataka achomwe tu. Mtazame ndugu yangu. Amenenepa! Mnataka kwenda kumchana kifua mtu mzima anayekula ugali na kutembea? Akifia kule, tutamzika kwa barua?"

Lugano aliinamisha kichwa. Nilimwelewa. Ukimpeleka baba yako kwenye kisu naye hana maumivu, halafu asirudi, utaishi na hilo. Nilieleza nilivyoweza: mshipa mmoja umefunguka, miwili inapitisha kidogo, moyo unaishi kwa mkopo, siku mshipa mmoja ukiziba hakutakuwa na muda wa pikapu wala wa cherehani. Lakini niliona macho yao. Mimi nilikuwa mgeni pale, na mzee alikuwa amekaa mbele yao akiwa na mashavu.

Ilikuwa inaelekea kwisha hivyo. Gwakisa alikwisha kusema, "Basi tuombe tufunge kikao," na watu wakaanza kuvua kofia.

Mzee Anyosisye akainua mkono. Kisha akageuza kiti chake kuuelekea ukuta wa jikoni.

"Mwanangu," akasema.

Nilidhani anamwita Lugano, na Lugano naye alidhani hivyo, akaitika.

"Si wewe," akasema mzee. "Mwanangu wa huko nyuma. Ningekuwa baba yako aliyekuzaa, ungeniambia nini?"

Shangazi mmoja alijiziba mdomo kwa khanga. Gwakisa alisimama nusu, akakaa. Kule jikoni hata sufuria hazikugusana. Niliogopa kwamba binti yule hataweza, kwamba atakimbilia migombani kama mzee alivyokimbilia siku ile, na wote wawili watakuwa wameaibika bure.

Kisha sauti yake ikaja, ndogo, lakini kila neno likasikika.

"Baba, ningemwambia kwamba nasikia hatua zake. Alipotoka India alikuwa anapanda kutoka shambani bila kusimama. Siku hizi anasimama kwenye mgomba wa pili, anakohoa, anajifanya anaukagua. Juzi alisimama kwenye wa kwanza." Akavuta pumzi. "Ningemwambia arudi India akamalizie, baba. Ningali nasikia hatua zake, arudi."

Mama Lugano ndiye aliyesema, kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu aliyechoka kutunza siri. "Ni kweli. Migomba ile imekaguliwa mwaka huu kuliko miaka yote."

"Kaka," akasema Gwakisa polepole, "unasimama?"

"Nasimama."

"Kwa nini hukusema?"

"Mlikuwa mnafurahi."

Gwakisa alivua kofia yake, akaikunja, akaikunjua. Hakuwa na mzaha tena. Alisema tu, "Basi nitakusindikiza mimi mpaka Dar," na hakuna aliyebisha. Shangazi akaanza kunong'ona kwamba mzee amesema na mkamwana mbele za watu, itakuwaje, ni kuvunja mambo. Mzee alimsikia.

"Sikusema na mkamwana," akamwambia. "Nimemwuliza daktari wangu."

Nimefanya kazi miaka mingi, wanangu. Nimepewa kanga, saa ya ukutani, na hotuba za kuagwa. Hakuna siku niliyojivunia kazi yetu kama ile, na siku ile sikushika hata sindano. Tulikuwa tumemsomesha binti mmoja kusoma utepe. Yeye akaenda mbele ya pale tulipomfikisha, akamsoma mtu kwa hatua zake kupitia ukutani. Ndiyo maana nawasumbua kila mkija hapa: mashine yenu itawaonyesha mishipa yote mitatu, tena kwa rangi, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini anayepanda mlima ni mtu, na atawaficha kwa sababu mnafurahi. Msikilizeni akitembea.

Mzee alikwenda. Walimfungua kifua, wakachukua mshipa mguuni wakajenga njia mpya za kuizungukia ile miwili iliyobana. Kulikuwa na siku za kungoja simu ambazo Mama Lugano alikaa kwangu Msasani akimenya mihogo ambayo hakuna aliyeila. Kisha akarudi, amekonda, anatembea na fimbo, na aliishi kuwaona wajukuu wakienda shule.

Kifua kilipona upesi. Mguu ndio uliochelewa, jeraha la pale walipotoa mshipa halikutaka kufunga, na ikabidi aje wodini kufungwa bandeji. Siku ya kwanza nilimkalisha kitini, nikaenda kuchukua pazia la kijani. Niliporudi nalo alikuwa tayari ameukunja mguu wa suruali.

"Rudisha hilo, Sista," akasema. "Mimi na yeye tumekwisha kuzungumza. Mwite."

Tusajigwe alikuja na sinia la vifaa. Alipiga magoti, akanawa kwa dawa, akaanza kufungua bandeji ya zamani taratibu, akiilowesha ilipogandia. Mzee alikuwa ametazama dirishani, shingo imekakamaa, kwa mazoea ya maisha yake yote. Wodi nzima ilikuwa inajifanya haioni. Alipofika kwenye jeraha lenyewe mzee alikunja uso, akangoja, kisha akauliza, akiwa bado anatazama nje.

"Kidonda kinaendeleaje?"

"Kimekauka, baba. Bado sehemu ndogo hapa chini."

"Wapi?"

"Hapa."

Mzee Anyosisye aliinamisha kichwa, akatazama alipoonyeshwa. Kisha akainua macho, akamtazama mkamwana wake usoni. Nilimwachia Tusajigwe mkasi kwenye sinia, nikaenda kupima presha za wengine.